Barua ya wazi kwa mukubwa wa duane (forodha): malakiti yetu iko na kode gani?

Jambo sana Mukubwa,

Mimi ni mmoja wa watu wa kazi ya mikono huku Lubumbashi, tunachonga malakiti (lile jiwe la kijani lenye mukuba, ni kusema shaba) na kugonga mukuba, ile kazi mugeni hata apite hapa siku mbili tu lazima arudi kwao na kayai kamoja ka kijani ndani ya valizi. Jina la biro yako sitalitaja, juu hii barua haiko ya kuchafua mutu, na ukiisoma utajua paka ni wewe ninaongea naye. Wenzangu wameniambia niandike juu mimi njo ninasoma-soma mambo ya tarifu, bon, nimeandika.

Shida iko hivi. Tukituma mzigo nje, deklarasio (fomu ya duane) inaomba kode ya kila kitu, ile namba ya tarifu inayosema kitu ni cha aina gani, na kitu kimoja kwetu kinapewa kode kufuatana na mutu uliyemukuta siku ile. Kuko deklarani (mutu anayejaza hiyo fomu) anaandika 2603, ni kusema minerali ya mukuba. Kuko mwingine anaandika 7116.20, vitu vilivyotengenezwa na mawe ya pambo. Na kuko wale wajanja wanaandika 9703, eti sanamu ya msanii, juu wanaona inapita vizuri. Jiwe ni lile lile, limetoka kwa karyere (machimbo) ile ile, limekatwa na kijana yule yule, na siku hiyo hiyo unaweza kuona makaratasi mawili hayafanane hata kidogo.

Mutu atasema ni namba tu, andikeni yoyote. Hapana! Ukiandika 2603 umeshaingia kwa jamaa ya wale wa konsantre (minerali iliyosafishwa ya kupeleka kiwandani), wanaanza kukuuliza karatasi za minerali, analizi ya laboratwari, mukuba asilimia ngapi ndani, na wewe uko na karto moja ya shanga na vitembo. Mwenye mzigo anakaa pale anatafuta mutu wa kumuhurumia, na wewe unajua huruma ya mpakani inauzwaje.

Sasa Mukubwa, sikilize, juu kitabu chenyewe cha tarifu kinajibu, hatuhitaji kugombana. Sura ya 26 iko na maelezo yake pale mwanzoni, namba 2. Inasema minerali ni ile jamii ya mawe viwanda vya metali vinatumia kutoa metali, hata kama wewe hutaipeleka kiwandani. Kwa hiyo wale wanaosema malakiti ni minerali hawakosei kabisa, malakiti iko na mukuba ndani kweli. Lakini maelezo yale yale yanaendelea: kama jiwe limefanyiwa kazi ambayo si ya kawaida kwa viwanda vya metali, linatoka kwa sura hiyo. Njo nakuuliza, nani pale kiwandani anakata jiwe na diski na maji, analisugua na papie abrazife (msasa) mpaka mistari yake itokee, ya kijani kizito na ya kijani chepesi, halafu anapaka sira (nta) mpaka ling'ae? Kuja kwenye atelier yetu siku moja uone vijana wamejaa vumbi ya kijani mpaka kwa nyushi. Ile haiko metaluji. Ile ni sura ya 71: jiwe lililosuguliwa bila kufungwa wala kutungwa linaenda 7103.99, na likishakuwa kitu, shanga zimetungwa, tembo, kayai, kisanduku, ni 7116.20.

Na 9703 tuiache kabisa, hata kama inatupendeza. Sura ya 97 yenyewe inakataa kazi ya mikono ya biashara, ile inayotengenezwa kwa mtindo wa kawaida ya kuuza, hata kama msanii njo ameichonga. Sisi tunatengeneza vitembo hamsini vinafanana, tusijidanganye.

Bracelet ya mukuba njo kichekesho. Chukua waya ya mukuba, ikunje, iviringe, iuze hivyo hivyo: ni bijuu (pambo la kuvaa) ya bandia, 7117.19. Chukua ile ile, weka jiwe moja la malakiti katikati: inahama, inakuwa 7116.20, juu sura ya 71 inasema bijuu ya bandia haipashwe kuwa na jiwe la pambo ndani. Jiwe moja tu! Sasa ndani ya karto moja tuko na zote mbili zimechanganywa, na kuna wanaotaka tuandike laini moja ya "artizana mbalimbali" na kode moja ili waende haraka kula. Tunakataa, na tunaonekana wakaidi.

Zile picha za mukuba tunazogonga na nyundo, mama anatwanga, kijiji, samaki, kwa mawazo yangu ni 8306.29, mapambo ya metali. Wengi hapa bado wanaandika 7419.99, vitu vingine vya mukuba, juu waliikuta kwa fakture za zamani, na kwa toleo la 2022 la SH (mpango wa kode unaofuatwa duniani) hiyo 7419.99 haiko tena, walipanga upya wakaweka 7419.20 na 7419.80. Kwa hiyo mteja wa Ulaya anapokea fakture, anaingiza kode kwa mashine yake, mashine inamwambia haijui, anatuandikia na hasira, na sisi tunaonekana watu wa ovyo.

Na hapa njo penye uzito. Namba sita za kwanza ni zile zile dunia nzima kwa wote wanaofuata SH ya OMD (shirika la duane la dunia), tangu 1988. Zinazofuata kila inchi inajiongezea, sisi tunafika nane. Kwa hiyo ukitupa sita za kwanza vibaya hapa, kule zinagongana na za mteja. Ulaya inaacha bidhaa za inchi kama yetu ziingie bila kodi, isipokuwa silaha, lakini karatasi ya origini (ya kuonyesha kitu kimetoka inchi gani) inafuata kode, na sheria ya origini nayo inafuata kode. Kode ikiwa ya uongo, faida yote imekwisha, na mteja anaenda kununua malakiti ya mutu mwingine, tena pengine jiwe limetoka paka huku kwetu.

Tunachoomba si pesa wala huruma. Tunaomba jibu la maandishi, na tampo, mbele ya mzigo kufika kwako. Mapatano ya OMC (shirika la biashara la dunia) ya kurahisisha biashara, yale yaliyoanza kazi tarehe 22/2/2017, kipengele cha 3 kinaongelea paka hiyo: mfanyabiashara anauliza mapema, duane inajibu kwa maandishi, na jibu linaifunga duane kwa yule aliyeuliza. Tutaleta sampuli: jiwe bichi, jiwe lililokatwa tu na msumeno, lililosuguliwa, shanga, bracelet zote mbili, na picha moja ya mukuba. Utusainie kode ya kila kimoja, karatasi ibandikwe pale ma deklarani wanapokaa, na ajenti wa zamu ya usiku naye awe na kopi, juu wa usiku njo wenye maswali mengi.

Kwa vingine niko na hakika. Kimoja tu sina, nakuachia: jiwe bichi, halijaguswa, limenunuliwa na mutu wa kulichonga huko kwake. Maelezo ya sura ya 26 yanalivuta kwa 2603, na 7103.10 nayo inalitaka, juu inapokea mawe ya pambo yasiyofanyiwa kazi na yale ya kukatwa na msumeno tu. Hapo paka wewe njo wa kukata, na ukikata hivi au vile tutafuata, bora iwe ile ile Jumatatu na Ijumaa.

Utuambie tulete sampuli siku gani.