Sauti ikitetemeka si ushahidi wa uongo

Mhariri,

Kuna hesabu inayozunguka kwenye semina na makundi ya WhatsApp: eti mtu akizungumza, maneno yana uzito wa asilimia 7 tu, sauti 38 na uso 55. Wanaifundishwa hata watu wanaokaa kwenye kamati za usaili na za usuluhishi. Tunaomba nafasi tuisahihishe, maana huku kwetu Kigoma inawaumiza watu.

Hesabu hiyo imetokana na majaribio ya mwaka 1967 ya Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Marekani. Wasikilizaji walisikilizishwa neno mojamoja, likitamkwa kwa mapenzi, kwa chuki au kwa sauti ya kawaida, na katika jaribio jingine wakaonyeshwa pia picha za nyuso, kisha wakaulizwa kama msemaji anampenda anayeambiwa. Basi. Hakuna aliyepima madai ya shamba, maelezo ya mgonjwa wala majibu ya mwombaji kazi. Mehrabian mwenyewe ameshaeleza kwamba hesabu yake inahusu kupendwa na kuchukiwa tu. Ukimuuliza mama muuza dagaa pale Kibirizi fungu ni shilingi ngapi, huhitaji kumtazama usoni ili uelewe bei.

Sauti ina nguvu, hilo hatubishi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow waliwasikilizisha watu salamu ya neno moja, isiyofika nusu sekunde, na wasikilizaji wakakubaliana kwa kiasi kikubwa nani anaaminika na nani haaminiki. Ila kukubaliana si kupatia. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliotoka mwaka 2006, ulionyesha kwamba watu wa kawaida wakiambiwa watenganishe mkweli na mwongo hupatia kama mara 54 kwa 100. Ukirusha shilingi juu unapata 50.

Sababu ya sauti kupotosha iko kooni. Sauti hutoka kwenye nyuzi mbili zilizolala ndani ya koromeo, ambazo hata kwa mwanamume mwenye sauti nzito hazizidi sentimita 2 na nusu. Pumzi inayotoka mapafuni huzipigisha, kwa mwanamume kama mara 100 hadi 130 kwa sekunde, kwa mwanamke kama 180 hadi 220. Zikivutwa zinapiga haraka zaidi na sauti inapanda, kama uzi wa zeze unapokazwa. Sasa mtu akiogopa, adrenalini, homoni ya hofu, inamwagika mwilini, moyo unakwenda mbio, misuli ya shingo inakaza na koromeo linapanda. Weka kidole kooni umeze mate, utausikia mwendo huo wa kupanda; mwenye hofu anaongea nalo likiwa juu hivyo hivyo. Pumzi nayo inahamia kifuani, fupifupi, na mate yanakauka. Nyuzi zimekazwa na pumzi haitoki sawasawa: hapo ndipo unaposikia mtetemo.

Mwili hautofautishi hofu ya aliyedanganya na hofu ya mkweli aliyewekwa mbele ya watu watano wenye mafaili. Mwongo mzoefu anaweza asiwe na hofu yoyote. Maneno yake yanateleza kama yamepakwa mawese.

Huzuni nayo hudanganya, kwa upande wa pili. Sauti inashuka, inapoa, inakuwa ya kamba moja, inabaki hapo hapo. Mfiwa akijibu hivyo dirishani, karani anasema huyu hajali.

Kwa Kiswahili madhara yake ni makubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mbili. Kwanza, tunaweza kuuliza swali bila kuweka "je", kwa kupandisha sauti tu. "Shamba nililinunua mimi" ikimalizikia juu kwa sababu ya hofu, wazee wanasikia mtu anayeuliza badala ya anayedai. Pili, mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo pumzi ikipungua, silabi ya mwisho ndiyo inayomezwa. Chukua "sijalipa" na "sijalipwa". Tofauti yake ni midomo kuviringana kidogo pale mwishoni, lakini mmoja ni mdaiwa na mwingine ni mdai. Kibarua anayenong'ona mwisho wa neno hilo mbele ya baraza anaweza kutoka na deni lisilo lake.

Halafu kuna sauti inayofanana na hasira na wala si hasira. Anayeshinda mwaloni, wanakoshushia samaki, karibu na injini za boti hupaza sauti bila kukusudia. Kelele ikizidi, sauti ya binadamu hupanda yenyewe. Mfaransa Étienne Lombard alilieleza jambo hili mwaka 1911. Tabia hiyo ikizoeleka, mtu huingia nayo ofisini, na afisa aliyekaa kwenye kiyoyozi anadhani anatukanwa. Ongeza na Kiha, lugha ya huku Kigoma ambayo kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana ya neno. Mzungumzaji wake akihamia Kiswahili anaweza kuja na mawimbi hayo, na mgeni akayasikia kama ubishi.

Kwa anayekwenda kuzungumza, dawa ya kwanza ni kutoa pumzi, si kuivuta. Wengi huvuta pumzi kubwa mabega yakipanda, na hapo wanaongeza mtetemo. Toa hewa yote taratibu, acha mpya iingie yenyewe kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 7. Rudia mara 6. Ni kama dakika moja, na mapigo ya moyo yatapungua. Kisha funga midomo, useme "mmm" ya kukubali jambo, sekunde 5, mara 5, mpaka midomo iwashe. Kimo hicho ndicho cha sauti yako, anzia hapo. Usikohoe kusafisha koo, kwani kunazigonganisha nyuzi na kuzivimbisha, meza mate. Maji ya kunywa hayapiti kwenye nyuzi hizo, yanalowesha mdomo na kwenda tumboni. Yanywe mapema, saa moja au zaidi kabla, na ubaki na funda moja la kulowesha ulimi.

Jirekodi kwa simu ukieleza jambo lako kwa dakika 2, usikilize mara tatu. Mara ya kwanza utaichukia sauti yako, kwa kuwa umezoea kuisikia ikipitia pia kwenye mifupa ya kichwa, ambayo huifanya nzito, usijali. Mara ya pili hesabu silabi za mwisho ulizozimeza. Mara ya tatu sikiliza kama sentensi zinatua au zinaning'inia.

Kwa wanaosikiliza, msianze na swali gumu. Muulizeni mtu jina, kijiji, amekuja kwa usafiri gani, mpaka koo lilegee, kisha mlinganishe sauti yake na yake mwenyewe ya mwanzo, wala si na ya aliyemtangulia. Neno likimezwa, lirudieni kwake: "Umesema hujalipwa?" Na karani asiandike "alisitasita" kabla ya kuandika alichosema.

Walimu wa stadi za mawasiliano,
Kigoma