Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mabomba Yanayotetema na Mchanga Unaochimbika Chini Yake

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha zimo katika taarifa ya mhazini na orodha ya wanachama wapya iko kwa katibu; sitazirudia. Nafasi hii naitumia kwa suala lililoishughulisha kamati ya ufundi kuliko yote: mmomonyoko wa sakafu ya bahari chini ya mabomba yanayotetema, na kwa nini ukaguzi wa mara moja kwa mwaka hautoshi.

Bomba lililotulia juu ya mchanga hupata shinikizo kubwa upande mkondo unakotokea na dogo upande wa pili. Tofauti ikizidi, maji hupenya chini ya bomba, hubeba mchanga, na mwanya unafunguka. Mkondo ukiwa wa upande mmoja, shimo hutulia kwenye kina cha takriban 0.6 ya kipenyo, yaani sentimita 30 kwa bomba la nusu mita. Lakini hesabu hiyo ni ya bomba lisilosogea.

Mwanya ukirefuka, bomba huning'inia hapo, na bomba linaloning'inia husogea. Maji yakilipita huacha nyuma yake visulisuli vinavyochomoka kwa zamu, juu na chini. Masafa yake, yaani idadi ya mizunguko kwa sekunde (hertzi), hupatikana kwa kuzidisha kasi ya mkondo kwa 0.2, kisha kugawanya kwa kipenyo. Mkondo wa mita 1 kwa sekunde kwenye bomba la nusu mita hutoa hertzi 0.4, msukumo mmoja kila sekunde 2.5. Masafa asilia ya bomba, yaani yale ambayo lenyewe hutetema likisukumwa na kuachwa, yakikaribiana na hayo, bomba hupanda na kushuka kwa kiasi kinachoweza kukaribia kipenyo chake. Likishuka, hukamua maji yaliyo chini yake yakatoka pembeni kwa kasi pamoja na mchanga. Likigonga sakafu, hutimua mchanga ambao mkondo huuchukua papo hapo. Shimo huwa refu kwenda chini na pana kuliko la bomba lililotulia, na kwa kuwa kingo zake zina mteremko mpole, kwenye picha ya sona (kipimo cha sakafu kwa mawimbi ya sauti) laweza kudhaniwa ni bonde la kawaida.

Wengi hujituliza kwamba mwanya ukiwa chini ya 0.3 ya kipenyo, visulisuli havichomoki. Hilo ni kweli kwa bomba lililofungwa lisitikisike. Lenye uhuru wa kusogea hutetema hata mwanya ukiwa mdogo kuliko huo. Naomba kigezo hicho kisitumike tena kufunga faili la ukaguzi.

Macho yawe kwenye mabega, pale bomba linapoanza kukalia mchanga, kuliko katikati. Mchanga wa mabegani ukiliwa, sehemu inayoning'inia hurefuka, na masafa asilia hupungua kwa mraba wa urefu: mita 30 zikiwa 42, masafa hushuka hadi karibu nusu. Maana yake ni kwamba mkondo wenye nusu ya kasi ya awali sasa unatosha kuliamsha bomba. Mtetemo huongeza uchimbaji, uchimbaji huongeza urefu, na viungo vya kulehemu ndivyo vinavyolipa: mkazo wa kila mzunguko ukiongezeka maradufu, maisha ya kiungo hupungua takriban mara 8.

Tena haya hutokea haraka. Kwa mchanga wa milimita 0.2, bomba la nusu mita na mkondo wa karibu nusu mita kwa sekunde, sehemu kubwa ya shimo huchimbika ndani ya takriban saa 6. Bamvua moja yenye dhoruba inatosha. Bahari ikitulia, mchanga laini hulijaza shimo upya, na meli ya ukaguzi inayokuja msimu wa shwari hukuta sakafu inayoonekana nzima, ilhali mchanga huo haujashikamana na utaondoka mkondo ukirudi.

Kuhusu tiba, makosa ni yale yale. Magunia ya saruji huwekwa juu ya mchanga uliolegea bila msingi, mkondo ukayachimba pembeni yakalala. Mawe humwagwa bila tabaka la kokoto chini yake, mchanga ukafyonzwa kupitia nafasi zake. Mchanga humomonyoka kingoni mwa mikeka ya zege, hivyo mikeka lazima ivuke mabega kwa kiasi cha kutosha. Nguzo moja katikati hubadili tu umbo la mtetemo ikiwa hesabu haikurudiwa. Mapezi ya ond, yanayolizunguka bomba kama skrubu, kwa kawaida yenye kimo cha 0.25 ya kipenyo na hatua (umbali wa mzunguko mmoja) ya vipenyo 15, hupunguza mtetemo vizuri, ila kome na mwani wakiyafunika nguvu yake hupungua sana, yasafishwe.

Kamati inapendekeza kwa kura yenu kwamba, pamoja na ukaguzi wa mwaka, kila mwanachama apime baada ya kila dhoruba kubwa na kuwasilisha: urefu kutoka bega hadi bega, mwanya katikati na kwenye mabega yote mawili, kipenyo cha nje pamoja na zege linalolifunika bomba na viumbe walioota, ukubwa wa chembe za mchanga, na kasi ya mkondo iliyopimwa kwenye kimo cha bomba, kwa kuwa kasi ya juu ya maji haisemi kinachotendeka chini. Hesabu zifanywe kwa kufuata mwongozo wa DNV-RP-F105, wa shirika la DNV kuhusu mabomba yanayoning'inia. Fomu iko kwa katibu.