Chupa za jemu usizitupe

Kibokoni, Mombasa
Alhamisi jioni

Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mvua imetushika wiki nzima na nguo hazikauki. Natumai nanyi huko Nakuru hamjambo, na kifua cha mdogo kimetulia.

Mzigo wako nimeupeleka ofisi ya basi leo asubuhi. Ukiubeba utauona mzito kuliko siku zote. Bizari zimo kwenye chupa za jemu, iliki na karafuu nimezitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na katikati nimesokota leso kuukuu zisigongane njiani. Zile pakiti za dukani sitaki tena kukuletea. Mara iliyopita uliniambia tu kwamba "kidogo ilimwagika", nami nakujua: ilimwagika karibu yote, na ukanistahi.

Vile vikopo vya zamani vya bizari unavikumbuka, vya plastiki, vya kifuniko cha kukaza. Bizari ikiisha, unakiosha unatilia chumvi, na kinaishi nawe miaka. Sasa kampuni imeviondoa. Tangu kabla ya Ramadhani duka la hapa mtaani linaleta pakiti za karatasi ya kaki, zimechorwa jani la kijani na kuandikwa kwamba ni rafiki kwa mazingira. Bei haikushuka hata shilingi, lakini gramu 100 zimekuwa 80, zimeandikwa nyuma kwa herufi ndogo mpaka nikamwita mwanangu anisomee.

Niliikata ya kwanza kwa mkasi, nikachota vijiko viwili, halafu nikabaki nimeishika sijui niifunge vipi. Haina kifungio chochote. Nikaukunja mdomo wake, nikaubana kwa kibanio cha nguo, nikairudisha kabatini. Na hewa ya huku wakati wa masika unaijua, hata chumvi hulia. Siku ya nne nimeikuta imeganda donge moja gumu, naikwangua kwa ncha ya kisu kama ukoko wa sufuria, na harufu imeshakwenda. Bizari ikishasagwa, kinachonukia ndani yake ni mafuta, na mafuta hayo hupaa. Nyanya alikuwa haimenyi iliki wala kuitwanga mpaka maji ya pilau yako jikoni, na leo ndiyo namwelewa.

Bizari hiyo hiyo ndiyo niliyopikia khitma ya marehemu baba. Kilo kumi za mchele, somo yangu, na watu wamejaa mpaka barazani. Mavyaa wangu alionja tonge moja akaniuliza, "Mwanangu, bizari ulisahau?" Aliniuliza taratibu, bila ya kunisuta, na ule upole wake ndio ulioniuma. Nililala na neno hilo.

Asubuhi nikapiga nambari iliyo nyuma ya pakiti. Kijana aliyepokea, ana adabu zake, akaniambia wamebadilisha kwa ajili ya kulinda mazingira, nami nikifika nyumbani niihamishie kwenye chombo changu. Nilimwambia asante nikakata simu, lakini moyo ulikuwa unanienda mbio. Mimi ni mtu wa kufundishwa mazingira? Wewe ni shahidi yangu. Tumekua sote tukienda kuokota kaa kule Tudor, na kila mzizi wa mkoko umening'inia juala la nailoni kama kitambaa cha mganga. Majuala yalipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, watu walilalamika, faini ya mamilioni na kifungo juu, nami nilifurahi nikashona vikapu vya vitenge nikawagawia majirani. Na sheria ile haikugusa vifungashio vya kiwandani vinavyoshika bidhaa yenyewe. Kwa hivyo hakuna aliyewalazimisha kuondoa kile kikopo. Walichagua wenyewe.

Basi nikataka kujua wamechagua nini. Nilichukua pakiti tupu nikailoweka kwenye bakuli la maji ya moto, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi ile kaki ikachubuka kwa kidole, kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na chini yake kukabaki ngozi nyembamba, inang'aa, haichaniki. Nailoni! Karatasi iko juu kwa macho ya mnunuzi, plastiki iko ndani. Kikopo wale vijana wanaokusanya plastiki walikuwa wakikichukua kwa furaha. Hii niliwaonyesha, mmoja akaigeuza-geuza akanirudishia, akasema haina mnunuzi kwa sababu vitu viwili vimegandishwa pamoja. Itakwenda jalalani, na kutoka jalalani mvua itaifikisha pale pale kwenye mikoko yetu. Hilo ndilo linalonikera kuliko pilau na kuliko zile gramu 20. Wangeniambia wamepunguza gharama, ningenung'unika nikanyamaza. Lakini wameichukua bahari yetu wakaifanya ndiyo sababu.

Na kama chombo ni changu, basi kwa nini nilipie pakiti? Jumamosi nilibeba chupa zangu nikaenda Marikiti. Yule mzee wa magunia upande wa bizari alipima chupa tupu kwanza, akaandika uzito wake kwenye kiganja, kisha akajaza. Bizari nyembamba aliikaanga na kuisaga mbele yangu, nikaifunga ingali na joto, harufu ikanifuata mpaka ndani ya tuktuk. Sikurudi nyumbani na hata kipande kimoja cha takataka.

Manjano yaweke ndani ya kabati, mwanga huyafifisha. Na kama iliyobaki ya mara iliyopita imeganda donge na donge hilo limeota ukungu, nakuomba usilikwangue ukaliokoa. Bizari zikipata unyevu huweza kuingia sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na hiyo haitolewi na moto wa jiko. Litupe lote, fidia yake imo humo mzigoni.

Chupa ni sita, zote zina vifuniko vyake. Zikiisha zioshe, zianike zikauke vizuri, umpe shemeji akishuka Mombasa mwezi ujao aniletee. Yule mzee wa Marikiti ameniambia ataendelea kunipimia hivyo hivyo.

Nisalimie watoto wote.

Ni mimi somo yako,
Mwanaisha