Barua ya wazi: Mheshimiwa, njooni mpime maji usiku

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia mbele ya watu, maana barua tatu nilizopeleka masijala ziligongwa mhuri wa kupokelewa na hakuna hata moja iliyojibiwa.

Alhamisi usiku mvua ilinyesha. Alfajiri nikateremka kutazama matuta yangu kando ya Mto Msimbazi, nikakuta mfereji unaotoka upande wa viwandani unapitisha maji ya manjano, na yameshaingia kwenye mchicha. Si manjano ya udongo. Rangi ile naijua. Miaka minne nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kupaka vyuma kromu, madini yanayovifanya ving'ae, na maji ya kusuuzia vyuma yalikuwa hivyohivyo. Ni kromu yenye sumu, ile inayohesabiwa miongoni mwa visababishi vya saratani.

Kuyasafisha kunawezekana, kazi hiyo nimeifanya kwa mikono yangu. Maji yanakusanywa kwenye tangi, yanatiwa asidi, kisha kemikali iitwayo sodiamu metabisalfaiti, mpaka manjano igeuke kijani. Hapo unatia chokaa, kromu inagandana na kuzama kama tope, na maji ya juu yanapimwa kabla ya kuachiwa. Tope nalo ni taka hatarishi, halitupwi jalalani. Chokaa, Mheshimiwa! Basi maji yakitoka ya manjano, kuna mtu ameamua kutoyasafisha. Nadhani wanasubiri mvua, mto ujae, rangi ipotee kabla hakujakucha. Kuthibitisha siwezi, kupima ni kazi ya ofisi yako.

Mwaka jana ulisimama nasi ukingoni ukaahidi kwamba ndani ya miezi mitatu kila bomba litajulikana ni la nani. Wakaguzi walikuja mara moja, saa nne asubuhi, jua kali, na wenye viwanda walikuwa na taarifa. Mfereji ulikuwa mkavu.

Mchicha ule ulibakiza siku nne uvunwe. Kuuosha hakusaidii, mmea unavuta madini kwa mizizi. Kuuchemsha hakusaidii, kromu haiungui. Niling'oa matuta sita, na ndiyo ilikuwa ada ya mwanangu. Wateja wangu wamenunua kwa mwingine anayemwagilia maji yaleyale, na mchicha huo unaliwa mji mzima, hata mezani kwako huenda umefika.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tunayo tangu mwaka 2004. Sidai mpya.

Siombi fidia. Naomba mje usiku, mvua ikinyesha, bila kumwarifu mtu, mchote maji kwenye mdomo wa bomba na si mtoni ambako yameshachanganyika, na majibu yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Kama yote hayo ni mengi, basi hilo moja la kuja usiku. Masika haijaisha. Nitakuwapo na tochi, nitawaonyesha mfereji ulipo.

Wako,
Mkulima wa mchicha, Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam