Mheshimiwa Waziri wa Habari, kabla ya press card naomba kwanza jalada la polisi la Azory Gwanda, mwandishi aliyepotea

Shikamoo Mheshimiwa. Najua una mambo mengi na barua kama hizi labda unasomewa na vijana wa ofisini, basi kijana unayesoma naomba umfikishie bosi wako hivi hivi, usimpunguzie.

Mimi ni mwandishi wa mkoani, wale tunaolipwa kwa stori. Sina ofisi, ofisi yangu ni simu na bodaboda. Juzi kwenye grupu letu la wasapu walituma tangazo la ithibati, kwamba kila mwandishi lazima awe na kitambulisho cha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na diploma juu, la sivyo usionekane na kamera popote. Watu wakaanza kuulizana vyeti, picha za pasipoti, mfumo unagoma kufunguka, na mimi nikawa nasoma tu huku najiuliza kitu kimoja. Serikali imepata ofisi nzima ya kutuambia nani ni mwandishi na nani siyo. Ofisi ya kutuambia mwandishi aliyepotea yuko wapi iko mtaa gani?

Namsemea Azory Gwanda. Alikuwa wa daraja letu hili hili, wa kujitegemea, analiandikia gazeti la Mwananchi akiwa Kibiti, mkoa wa Pwani, kipindi kile watu wanauawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga mpaka wenyeviti wa vijiji wakawa hawalali majumbani kwao. Yeye aliandika. Tarehe 21 Novemba 2017 watu wakaja na Land Cruiser nyeupe wakamchukua, mchana, siyo usiku wa manane. Na kilichoniuma mimi kila nikikumbuka siyo hata gari, ni ule ufunguo. Wakaenda naye mpaka shamba alikokuwa mke wake, yeye akiwa ndani ya gari, akamuuliza mkewe ufunguo wa nyumba uko wapi, akamwambia kapata safari ya ghafla atarudi kesho. Mama wa watu akabaki na jembe lake pale. Alikuwa mjamzito, piga hesabu mwenyewe Mheshimiwa mtoto wa mimba ile sasa anasoma darasa la ngapi.

Mkewe alikwenda polisi kuripoti. Sasa hapa ndo nataka tuelewane vizuri. Mimi mwaka 2021 niliibiwa simu, Tecno tu ya kawaida, nikaenda kituoni nikapewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi, nikaambiwa niwe nafuatilia. Sikuipata, lakini namba yangu ninayo mpaka leo kwenye pochi. Kama Tecno ina namba basi na Azory ana namba, kuna jalada, kuna askari alilishika, kuna mtu alihojiwa au hakuna aliyehojiwa. Sisi hatujawahi kuambiwa. Tulichoambiwa ni ile Julai 2019, Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo yupo BBC anahojiwa kwa Kiingereza akasema Azory alitoweka na akafa, nchi nzima ikashtuka, halafu baadaye ikaja ufafanuzi kwamba hakueleweka. Kwahiyo amekufa au hajafa? Familia ifanye matanga au isubiri? Hilo nalo ufafanuzi wake hatujaupata.

Utasema hiyo ni kazi ya Mambo ya Ndani, siyo yako. Sawa. Lakini gazeti likikosea wewe hujifanyi haikuhusu. 2017 peke yake magazeti ya Mawio na MwanaHalisi walifungiwa miaka miwili miwili, Raia Mwema siku 90, Tanzania Daima siku 90 na mwaka 2020 wakanyang'anywa leseni kabisa. Februari 2022 leseni zikarudishwa, tukashangilia na mimi nilishangilia, sikatai. Halafu Oktoba 2024 kampuni ya Mwananchi wakatoa kikatuni mtandaoni kinachohusu hao hao watu wanaopotea na kuuawa, siku chache tu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wakazisimamisha leseni zao za mtandaoni siku 30. Septemba 2025 mtandao wa JamiiForums nao siku 90. Yaani anayechora watu waliopotea anapatikana ndani ya siku mbili tatu, anayewapoteza miaka 8 imeshapita.

Na siyo kwamba mkiamua haiwezekani. Mwandishi mwenzetu Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo kule Mufindi, Septemba 2012, kwa bomu la machozi la polisi, picha zipo akiwa amezungukwa na askari, na askari mmoja alishtakiwa, akafungwa miaka 15. Wengine tunasema ilikuwa ndogo na waliotoa amri hawakuguswa, ila angalau kuna hukumu, kuna kaburi.

Sasa nikwambie sisi huku tunaishije. Mwaka juzi niliandika kastori ka kawaida sana, kisima cha kijiji kimoja kimekabidhiwa kwa mbwembwe, utepe umekatwa, wiki ya pili hakitoi maji. Ikatoka kwenye kona ya gazeti, hata picha haikuwekwa. Jioni nimekaa na chai simu ikaita namba siijui, jamaa ana sauti ya upole kabisa, ananisalimia kwa jina la mwanangu, Baba Fulani hujambo, akasema stori yako nzuri lakini wewe Azory unamjua? Nikasema simjui ila nimemsoma. Akacheka akasema basi endelea kumsoma. Akakata.

Hakunigusa mtu Mheshimiwa. Hakuna sheria iliyotumika, siyo ya Huduma za Habari ya 2016, siyo ile ya Makosa ya Mtandao. Jina tu. Toka siku ile nikiona Land Cruiser nyeupe natoka jasho, na wilaya nzima unajua magari ya serikali ni Land Cruiser nyeupe, siku moja nimejificha nyuma ya kibanda cha chips kumbe ni gari la chanjo. Wenzangu walinicheka sana. Lakini hata wao wakiwa na stori inayomgusa mkubwa wanapiga simu kwanza kuuliza "hii haina Kibiti?" Ndo msemo wetu huo.

Najua na sisi tuna uchafu wetu. Wapo wanaokula bahasha, wapo wanaochafua watu kwa elfu ishirini, hao wapelekeni mahakamani, tutakuja kuripoti kesi. Na diploma ninayo, nitajisajili, sigomi.

Ninachoomba ni kidogo. Simama bungeni au hata pale Maelezo, idara ya habari ya serikali, ulipozoea kuongea na sisi, useme jalada la Azory Gwanda lina namba gani, liko kituo gani, mara ya mwisho lilifunguliwa lini na nani. Usipokuwa na jibu sema huna, tutaandika hivyo hivyo.

Utanisamehe sijaweka jina langu. Najua ungependa lingekuwepo, na mimi ningependa.

Ni mimi,
Mwandishi wa mkoani