Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: tunaomba Fomu Namba 3

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu, Tanga,

YAH: HATI ZA MABARAZA YA USULUHISHI WA NDOA

Salaam. Juma hili shauri jingine la talaka limeondolewa mahakamani, kwa sababu ile ile tuliyokuandikia mara mbili. Hati ya baraza haikuwa hati. Ilikuwa nusu karatasi ya daftari, yenye muhuri wa mtendaji wa kata na maneno haya tu: "Wameshindwana, waendelee mbele." Mama aliyeibeba alitoka Tongoni na mtoto mgongoni. Ameambiwa akaanze upya.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 101, inakataza kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapita kwenye Baraza la Usuluhishi na baraza kuthibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Uthibitisho huo una fomu yake, Namba 3, na lazima ueleze baraza limebaini nini. Baraza lenyewe ni mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Mtendaji si baraza, hata muhuri wake ukolee wino vipi. Mahakama ya Rufani imeshatamka kuwa shauri lisilo na hati halali limefunguliwa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo hakimu anayelitupa hana kosa. Kosa liko kwetu huku chini, kwenye kata.

Tunavyodhani, wajumbe wengi wamezoea kesi za mipaka na madeni, basi na ndoa wanaiamua vivyo hivyo. Wanagawa vitanda na masufuria. Wengine wanaandika kabisa "baraza limetoa talaka". Hawana mamlaka hayo. Amri ya talaka ni ya mahakama. Hata katika ndoa ya Kiislamu, mume akiwa ameshaandika talaka yake, kifungu cha 107(3) kinataka baraza liwe limethibitisha kwanza kuwa usuluhishi umeshindikana, ndipo mahakama itoe amri.

Linalotuumiza zaidi ni suala la muda. Hati haitakiwi kuzidi miezi sita siku shauri linapofunguliwa. Sasa mume ni mvuvi, ameitwa barazani, siku mbili kabla anakwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali na nyumbani. Baraza linamwambia mke asubiri arudi. Msimu unapita, mume anarudi na kuondoka tena, mke bado anaambiwa asubiri. Hakuna sababu ya kungoja hivyo! Aliyeitwa akakaidi kwa makusudi, au aliyemtelekeza mwenzake na hajulikani alipo, kifungu hicho hicho cha 101 kinaruhusu shauri lisikilizwe bila hati. Kinachotakiwa ni ushahidi: nakala ya wito, tarehe, jina la aliyeupokea na sahihi yake. Kata nyingi zinaita kwa simu au kwa kumtuma mtoto, kisha hakuna kinachobaki kwenye jalada.

Na watoto je? Sheria inaliruhusu baraza kuambatanisha mapendekezo kwenye hati. Tunakutana mara kwa mara na sentensi hii: "Mtoto akitimiza miaka saba akabidhiwe kwa baba." Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 125 kinachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Akishavuka saba hakuna anayemfuata kama mzigo uliowekwa bandarini. Kinachotangulia bado ni ustawi wake, na akiwa na umri wa kujieleza, asikilizwe anataka nini. Kifungu hicho kinataka pia kuangaliwa ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Baba anayeshika karatasi yenye sentensi ile huenda kumtoa mtoto shuleni katikati ya muhula, akiamini ana amri mkononi.

Wajumbe wawaambie akina mama na jambo hili: matunzo ya mtoto hayangoji talaka. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mzazi kuyaomba mahakamani hata ndoa ikiwa bado ipo. Tumeona wanaovumilia mwaka mzima bila ada wala daftari kwa kutojua hilo.

Ndugu Mkurugenzi, ulituahidi semina ya wajumbe "bajeti ikiruhusu". Bajeti mbili zimepita. Semina tunaihitaji, daftari la wito tunalihitaji, lakini leo tunaomba fomu. Ichapishwe, ipelekwe kila kata, mwenyekiti afundishwe kuijaza kabla hajapiga muhuri. Rimu moja ina karatasi 500. Tunaomba rimu moja, Ndugu Mkurugenzi, kabla mama yule hajarudi tena barazani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msaidizi wa kisheria, Tanga