Tuwaache wafiwa walie

Mhariri,

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mfiwa hajamaliza hata siku ya kwanza ya matanga kabla ya kuambiwa, "Mama, jikaze, wengine wamepoteza zaidi." Wasemao hivyo wana nia njema, lakini nadhani wanamfunga mtu mlango ambao ndio njia yake ya kutokea.

Jirani yangu alipoteza nyumba volkano ya Nyiragongo, iliyo karibu nasi, ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, naye ni miongoni mwa waliowahi kuukimbia moto wa volkano hiyohiyo Januari 2002. Kwa muda mrefu alijibu kila salamu kwa "Mungu ni mwema", ilhali usiku hapati usingizi. Alasiri moja, akichambua maharage, aliweka ungo chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nina hasira." Hakuna aliyemkemea. Hasira haikuondoka siku ile, wala sidhani imekwisha, lakini tangu alipoitaja hadharani haimwendeshi tena: anaijua inapokuja, anaipisha, kisha anaendelea na kazi zake.

Sisemi kwamba mateso ni mema, wala kwamba waliotutesa wasidaiwe haki. Nasema uhuru wa moyo hauwezi kusubiri vita vya huku kwetu viishe. Wachungaji wetu, wanaopenda kuhimiza shangwe, wangesoma pia Zaburi ya 88, ambayo yaishia gizani bila neno la faraja, na bado ni sala.

Msomaji wenu,
Goma